Posho ya Watoto wa Marehemu

Sikumaliza sekondari darasani. Vitabu vya sheria na biashara nilivisoma peke yangu nyumbani kwa baba mdogo, nikavikariri mpaka koma zake. Nilipokubaliwa hatimaye katika chuo hapa Likasi, mji wetu wa migodi, niliingia na hofu yangu. Niliamini kila mwenzangu anajua kitu ambacho mimi sikufundishwa, na kwamba siku moja nitafungua mdomo na wote watagundua.

Siku hiyo ilikuja mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Katika somo la sheria na maadili ya biashara, kila mwanafunzi alipewa kisa cha kuhukumu mbele ya darasa, na aliyeshindwa hakupanda mwaka wa pili. Changu kilikuwa hiki: mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya serikali amewaandikisha watoto wa marehemu kaka yake kuwa ni wake wa kuzaa, ili wapate posho ya unga, shule na hospitali ya kampuni. Je, ni mwizi?

Kisa hicho kilikuwa mimi. Baba alipokufa, mdogo wake, fundi katika kiwanda cha kampuni hiyo, alituchukua mimi na dada zangu, na kwa kampuni sote tukawa watoto wake. Ukoo mzima ulijua na hakuna aliyeona uongo hapo. Matanga yakiisha, watoto wa kaka yako wanaondoka na wewe. Lakini darasani walikuwemo watoto wa makarani wa kampuni hiyohiyo. Nikisema tu kwamba ni sisi, habari ingefika ofisini kabla ya posho ya mwezi kugawanywa, na baba mdogo angefukuzwa.

Kwa hiyo niliandika hukumu safi, isiyo na doa: kosa, vifungu, adhabu. Niliinakili upya kila nilipoona herufi imepinda. Jioni baba mdogo, akivua viatu vya kazi, aliniambia nimsomee. Nikaanza kwa Kifaransa.

"Sema mu Kiswahili. Minye sikusoma sana."

Nikamfasiria: mtu huyu amemdanganya mwajiri, amepokea asichostahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na batoto ya marehemu," akauliza, "sheria inasema bakule nini?"

Sheria haikusema. Nilikuwa nimetafuta.

Mama mdogo akadakia kutoka jikoni, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi: "Muangalie huyu juge, hakimu wetu! Anakula kwa mwizi asubuhi na mangaribi, ona mashavu yake!"

Walicheka wote wawili. Mimi nilishindwa. Kisha baba mdogo akasema taratibu, "Fanya kazi yako ya masomo, mwanangu. Kama iko lazima unifunge, unifunge. Lakini jina yangu usitaje."

Angenikemea ningepumua. Ruhusa ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kesho yake mwalimu, ndani ya abakosti yake ya kijivu, koti lisilo na tai, aliniita "raia", kama tulivyoitana sote siku hizo: "Citoyen, tunakusikiliza." Nilisoma aya ya kwanza vizuri. Ya pili ilianza na "mdanganyifu huyu", na hapo nikakoma. Nikaiweka karatasi mezani. Sikuwahi kusema lolote mbele ya watu bila kuandika kwanza. Nikasema uongo upo, siukatai. Lakini kampuni inatoa unga ili mfanyakazi ale, arudi kazini na nguvu. Atakulaje huku watoto wa kaka yake wanamtazama? Kampuni inamuuliza amezaa nani, na haimuulizi analisha nani.

"Citoyen juge!" sauti ikatoka nyuma. "Basi tuandikishe na mbuzi, nazo zinakula!"

Darasa likaangua kicheko. Nilitafuta jibu la kisomi, sikulipata.

"Mbuzi ukimwacha kwenye matanga," nikasema, "wageni watamla. Watoto ukiwaacha, nani atawachukua?"

Wakacheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

"Hukumu yako?" mwalimu akauliza.

"Aonywe, asifukuzwe. Watoto waendelee kupata unga, wakiandikwa kwa jina la baba yao wa kweli."

"Kwa kifungu gani?"

"Hakuna, citoyen professeur. Nimetafuta."

Akaandika kitu. "Sheria yako ni dhaifu," akasema. "Lakini utapanda."

Nilikwenda nyumbani nikilitafuna neno *dhaifu* njia nzima, kana kwamba hilo la pili sikulisikia. Ndivyo nilivyo mpaka leo.

Baba mdogo hakuuliza alama.

"Yule muntu," akasema, bila kunitazama, "balimupeleka Buluo, gerezani?"

"Hapana, baba. Iko kazini."

"Na batoto?"

"Banakula."

Akaitikia kwa kichwa, akamwita mama mdogo alete maji ya kunawa.