Pete ya Dieudonné kwenye jiwe jeupe

Leo naweza kuisimulia nikicheka, lakini siku yenyewe nilitamani ule mtaro wetu wa mlimani unifukie nikiwa nimesimama, maana aibu niliyoipata ilikuwa mbele ya kijiji kizima na mbele ya mama mkwe wangu mtarajiwa, na (hili ndilo linaloniuma mpaka kesho) niliitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi nimesomea mawe. Hapa Kalemie ukisema hivyo watu wanadhani unauza kokoto, na kweli baada ya masomo nilikaa nyumbani muda mrefu nikimsaidia mama kuuza ndagaa sokoni, mpaka Papa Anselme, mzee mmoja anayetafuta madini tangu ujana wake, akanichukua kwa majaribio na kunipeleka kwenye kilima kimoja upande wa Nyunzu. Ndani ya mwamba wa kijivu wa kilima hicho unapita mshipa wa kwatsi, jiwe jeupe kama mafuta ndani ya nyama, sisi kazini tunauita filoni. Zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mwamba, yakapoa, yakaacha hilo jiwe jeupe, na wakati mwingine yakaacha na dhahabu kidogo. Wakati mwingine tu. Mitaro miwili ya kwanza tuliyochimba kufuata filoni ilikuwa mitupu, na Papa Anselme alishasema wazi kwamba wa tatu ukiwa hivyohivyo tunafunga mizigo na kila mtu anarudi kwao, yaani mimi narudi kwenye ndagaa.

Sasa, Jumapili ya kabla ya siku hiyo, mchumba wangu Dieudonné, fundi wa simu, alikuwa amenivisha pete, pete ya dhahabu inayong'aa aliyoinunua bandarini kwa mfanyabiashara aliyeshuka kwenye boti ya Kigoma. Na mama yake, Mama Yustina, ambaye kijiji chake ndicho hicho kilicho chini ya kilima chetu (Mungu hupanga mambo yake), alinishika vidole akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii pete isitoke kwenye kidole mupaka siku ya ndoa. Ikitoka, mimi nitajua umebadilisha roho."

Jumatatu asubuhi, kabla hatujashuka kwenye mtaro wa tatu, Papa Anselme akasema maneno anayoyasema kila siku, "Muntu asiingie na pete, asiingie na munyororo. Dhahabu ya mwilini inachafua mawe." Naijua sababu, niliisoma na nikaifaulu: dhahabu ni laini, kwatsi ni gumu, ukiligusa na pete linaikwangua, halafu maabara inasoma dhahabu ambayo mlima hauna. Nikapeleka mkono kuitoa. Hapo nikamwona Mama Yustina chini katika shamba lake la muhogo, amesimama wima, ananipungia jembe. Nikavaa glavu juu ya pete. Basi, hilo ndilo kosa lenyewe, dogo hivyo, na yote yaliyofuata ni watoto wake.

Papa Anselme akazunguka upande wa pili kuangalia filoni inatokea wapi tena, akaniacha na wachimbaji. Jua likapanda, glavu zikajaa jasho, nikazivua (dakika moja tu, nilijiambia), nikakumbatia bonge la kwatsi lililokuwa limelegea ukutani, nikaligeuza, likanishinda, nikaligeuza tena, nikalimwagia maji ya bidoni, lile dumu letu la plastiki, kutoa udongo. Na pale, juu ya ule weupe, ukaonekana mstari wa njano, mrefu kama kidole. Kama kidole, jamani, na bado sikujiuliza.

Nilipiga kelele zilizofika shambani. Wachimbaji wakaacha majembe, Mama Yustina akaja mbio akipiga vigelegele, nyuma yake wanawake wa kijiji, nyuma yao chifu na mtu wa kumbebea kiti, na simu zilikuwa zimeshapigwa mpaka mjini. Mama Yustina akaamuru kuku akamatwe. Mzee mmoja alianza kugawa mabati ya nyumba ambazo hazijajengwa. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikapanda juu ya lundo la udongo na kutoa hotuba kuhusu maji ya moto na nyufa za mwamba, nikiwa nimeinua lile jiwe kama padri anavyoinua kikombe, na pete inameta pembeni yake kila mtu anaiona.

"Muke wa mutoto wangu ndiye amefungua mulima," Mama Yustina akawaambia wenzake, na nilijisikia mrefu kuliko kilima.

Papa Anselme akarudi. Aliliangalia jiwe muda mrefu, akatoa kichupa cha asidi kwenye mkoba wake, na pengine angelipima pembeni kimyakimya mambo yakaisha salama, lakini mimi nikamnyang'anya. "Papa, niachie mimi," nikasema, halafu nikawageukia watu: "Asidi hii inakula shaba, inakula chuma, dhahabu haiiwezi. Muangalie vizuri, hakuna kitakachobadilika."

Nikadondosha tone. Likachemka, likawa kijani, na ule mstari ukayeyuka wote mbele ya macho ya chifu. Aliyetoa sauti ni yule kuku tu, aliyekuwa ameshikwa miguu kwa heshima yangu.

"Godelive," Papa Anselme akasema, "leta mukono."

Aliivua ile pete yeye mwenyewe, akaisugua kwenye pembe safi ya jiwe, ukatokea mstari uleule. Akaweka tone, kijani ileile. "Hii haikutoka mulimani," akasema bila kupandisha sauti. "Na hata hii ya kidole si dhahabu. Ni shaba, ile ya makufuli."

Macho yote yakahama kwangu yakaenda kwa Mama Yustina. Akaichukua pete, akaigeuzageuza. "Mutoto wangu alikuvalisha kufuli?" akaniuliza, na mimi nilikuwa nalia. Alinitazama, akatazama jiwe, midomo ikaanza kumcheza, akakaa chini kwenye udongo akacheka mpaka kilemba kikamtoka, na wengine wakamfuata. "Mumuache kuku aende," akasema akijifuta machozi.

Mchana ule Papa Anselme alinifanya nimwage mifuko yote ya mawe ya maabara niliyochukua asubuhi na kuanza upya. Nilisubiri anifukuze. Aliposema, alisema hivi: "Kama ile pete ingekuwa ya kweli, asidi isingebadilisha kitu. Ningeamini macho yangu, ningepeleka habari mujini, na tungechimba huu mulima tukifuata kidole chako." Halafu akaongeza, "Kesho uje. Na mikono mitupu."

Nikaenda mikono mitupu. Safari hii sikukimbilia ule weupe mzuri unaopendwa na kila mtu, nikachukua pia ukingo wake, pale filoni inapogusana na mwamba wa kijivu, palipooza na kuwa na rangi ya kutu, mahali ambapo siku ya hotuba sikupatupia hata jicho. Majibu ya maabara yalipokuja, jiwe jeupe lilikuwa halina kitu, na ule ukingo wa kutu ulikuwa na dhahabu, kidogo, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, lakini ya mlima wenyewe. Sasa tunachimba mtaro wa nne, na mimi nina mkataba. Hakuna aliyepiga vigelegele, ila Mama Yustina alituletea bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo.

Siku hizi yeye ndiye anayekaa njiani na bakuli lake, na hata mgeni akitoka mjini na suti hapiti. "Pete. Munyororo. Na weye Papa, ile ya shingoni." Ya kwanza kuingia bakulini kila asubuhi ni ya kwangu, ileile ya shaba aliyonirudishia, na roho yangu haijabadilika.

Dieudonné alikuja na pikipiki, hajui aangalie wapi, akaapa kwamba siku ya ndoa ataleta ya dhahabu ya kweli. Nimemkataza. Nimeapa sitaingia tena mtaroni na kitu mkononi, lakini kanisani anivishe ileile ya shaba, maana ile ilisema kosa langu mbele ya watu mapema. Ya dhahabu ingenyamaza.