Maharage ya Nusu Tangi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha saruji, na watu wengi wa pale hata jina lake hawalijui. Wanamwita Mama Ukoko. Siku zote huwabakizia ukoko wa wali watu wa zamu ya tanuri, ambao huchelewa kula, na kuna wanaume wazima wenye wajukuu wanaochelewa makusudi ili waupate. Mimi niko naye jikoni, kazi yangu ni kukata mboga na kuosha vyombo, kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu.

Akipika haangalii saa. Anasikiliza sufuria. Mtu akipiga soga karibu na wali atamwambia, "Nyamaza kidogo, nasikiliza," na sauti yake ni ndogo, lakini sijaona aliyebishana nayo. Akitia chumvi husema "Mungu saidia", na chumvi haijawahi kuzidi.

Tatizo lilikuwa kifua. Moshi wa kuni na mkaa wa miaka yote ile ulikuwa umemwingia ndani, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Kaka yangu ni fundi cherehani na anapenda mzaha. Alikuwa akisema nyumba yao haihitaji kengele, maana mkewe anasikika tangu kona ya barabara. Lakini siku daktari alipomwambia wifi waziwazi kwamba aache moshi au aage kifua, kaka hakutania. Alirudi naye nyumbani taratibu amemshikia mkoba. Wifi alilia siku ile, na hakulilia kifua. Alililia jiko. Aliniuliza akikaa nyumbani atampikia nani, wakati kaka yangu vijiko vitatu tu ameshashiba.

Tukawa tunaomba. Kila tukimaliza kuosha vyombo tunasimama kidogo karibu na karo, tunamwomba Mungu amwondolee moshi bila kumwondoa jikoni. Sikuona njia itakayopita humo, nasema kweli, lakini niliitikia amina.

Basi akaja injinia. Kijana mpole mwenye miwani, suruali yake imejaa vumbi la saruji hata Jumatatu asubuhi. Alikuwa amefunga mashine yake nyuma ya bomba kubwa la moshi, mabomba na mitungi imesukana ndani ya makontena mawili, na sisi wanawake wa jikoni tukamwita Bwana Hewa. Siku moja alikuja kuomba maji ya kunywa, wifi akamuuliza anapika nini kule, maana mitungi ile aliiona kama sufuria zilizofungwa.

Yule kijana alifurahi kuulizwa. Akavuta kreti la soda, akaketi, akaeleza kwamba ndani ya moshi wa tanuri mna hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani tukipumua. Haionekani, lakini kiwanda kinaitoa tani kwa tani, na ikijaa huko angani inalifunika anga kama blanketi, dunia inapata joto. Yeye anaikamata kabla haijatoka. Halafu anachukua maji, anayapasua kwa umeme wa jua, anapata hewa nyingine nyepesi sana inayoitwa haidrojeni.

"Hizo mbili, Mama, nazifungisha ndoa ndani ya mtungi wa moto," alisema. "Zinatoka zimekuwa spiriti. Na hiyo spiriti inawaka."

"Mahari analipa nani?" wifi akauliza.

"Jua, Mama. Bila jua hakuna ndoa."

Wifi akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akauliza kama hiyo spiriti ikiwaka ina moshi. Kijana akasema haina. Hewa ile itarudi angani, ndiyo, lakini ni ile ile iliyokwisha kukamatwa. Ukuni mpya haukatwi, na kifua hakiguswi. Kuanzia siku hiyo Bwana Hewa alipewa ukoko hata kama hakuchelewa.

Naye alikuwa na shida yake. Wenye kiwanda walichoka kusikia habari za hewa, walitaka kuona kitu cha kushika. Meneja akakata shauri: jikoni pawekwe majiko ya spiriti, na tangi moja lifungwe ukutani kwa nje. Mashine ilikuwa inatoa tangi moja kwa siku. Tangi hilo likitosha kupika chakula cha mchana cha kiwanda kizima, mashine inabaki na mkaa hauingii tena jikoni. Lisipotosha, mashine inafungashwa inapelekwa kwingine, na mkaa unarudi. Wifi alielewa bila kuelezwa kwamba mkaa ukirudi, yeye anaondoka.

Majiko yalipowashwa mara ya kwanza tulidhani hayajawaka. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Unaona hewa inatetemeka tu juu ya jiko. Ilibidi kijana atuwekee juu ya kila jiko wavu wa chuma, ambao ukipata moto unakuwa mwekundu, ndipo tukaamini. Akatuonya pia kwamba ile spiriti ni sumu, isikaribie mdomo wa mtu, akafunga mfuniko wa tangi kwa kufuli.

Siku ya jaribio nilifika kukiwa bado kuna umande. Nikamkuta wifi nyuma ya stoo, anamwagia maji makaa ya majiko yetu mawili ya zamani, mvuke umemzunguka, na kikohozi kimemshika. Nilipoingia jikoni, sufuria kubwa za maharage zilikuwa tayari juu ya majiko mapya, na maharage yenyewe ukiyabonyeza yanabonyea.

Nikamuuliza kulikoni.

"Namsaidia mtoto wa watu," alisema. Kisha, baada ya kupumua, "Na nakisaidia kifua changu. Maharage ni mabishi, wifi. Nimeyalainisha tu, yatamalizia huku."

Akayafunika yale majiko kwa gunia, akanawa mikono, akasema Mungu saidia.

Mchana kijana alikuja kusoma kioo cha tangi, kile chenye alama ubavuni. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Nusu ya spiriti ilikuwa bado imo. Alikimbia kumwita meneja, na mtu mzima yule akaja na kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni. Meneja alikuwa amekula sahani mbili. Alisimama katikati ya kantini akawatangazia wafanyakazi kwamba jaribio limefaulu kuliko walivyotarajia, na kwamba hata ladha imebadilika.

"Maharage ya leo hayana ile harufu ya mkaa," alisema. "Mtu mwenye ulimi anatambua."

Wifi akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nikapata kazi ya haraka kwenye karo.

Lakini meneja hakuishia hapo. Alisema kwa kuwa nusu tangi inatosha, basi jikoni wapewe nusu tangi, na nusu nyingine iende kuendesha injini ya pampu ya maji. Watu wakapiga makofi. Kijana alipiga kuliko wote.

Tulipokuwa tunasugua sufuria, wifi alirudia kusugua ile ile iliyokwisha kung'aa. Mwishowe aliacha kusugua.

"Nimejifungia mlango, wifi. Nusu tangi haiivishi maharage ya watu wote hawa. Sasa kila siku nitakuwa napika mbele kwa spiriti, na nyuma ya stoo kwa mkaa wa kujificha. Moshi niliouombea uondoke, nimeuingiza mwenyewe kwa mlango wa nyuma."

Nikamwambia sisi Mungu tulimwomba jiko, mkaa hatukumwomba, huo tumejiongezea. Nilisema kwa upole, lakini yeye akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza akafuta macho kwa aproni.

"Nikisema, huenda wakaing'oa mashine," alisema. "Kama tangi zima linatosha au halitoshi, mimi sijui. Hakuna anayejua. Nimewaharibia kipimo."

"Basi wakapime tena," nikamwambia.

Alivua aproni. Alipovua aproni nilijua anakwenda, maana yule hatoki jikoni na aproni hata kwenda kumfukuza kuku. Nilimfuata nyuma mpaka kwenye makontena. Kijana alikuwa anapiga mluzi huku akifunga nati.

"Mwanangu," wifi alisema, "yale maharage yalikuwa ya mkaa."

Mluzi ukakatika. Akauliza yote au baadhi. Wifi akasema karibu yote. Spiriti ilifanya wali na mboga, na maharage iliyapasha tu. Akamweleza majiko ya nyuma ya stoo, na sababu, kifua na maneno ya daktari, bila kujitetea. Kijana akaketi juu ya ngazi ya kontena. Aliinamisha kichwa mpaka nikaanza kumwomba Mungu moyoni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Ladha imebadilika," akasema, anaiga sauti ya meneja. "Mtu mwenye ulimi anatambua." Halafu akaacha kucheka, akavua miwani. "Mama, sasa mimi nitamwambia nini?"

"Wewe hutamwambia kitu. Nitamwambia mimi. Wewe nisindikize tu, nisije nikarudia njiani."

Meneja aliwasikiliza akigongagonga meza kwa kalamu. Mimi nilibaki mlangoni. Hakupandisha sauti, ila shingo ilikuwa nyekundu hadi masikioni, na nafikiri kilichomuuma zaidi ni ule ulimi. Akamuuliza wifi kama anajua kwamba jaribio likirudiwa na tangi lisitoshe, mashine inaondoka na mkaa unarudi.

"Najua, bosi," wifi alisema. "Mimi ndiye wa kwanza kuondoka. Lakini nusu tangi ya uongo itaniondoa pia, tena nikiwa najificha."

Meneja akaacha kugonga kalamu. Akaagiza jaribio lirudiwe, na yale majiko mawili ya mkaa yaletwe ofisini kwake. Yakaletwa. Yakakaa pembeni mwa kabati, chini ya kalenda, na ufunguo wa ofisi ukaingia mfukoni mwake.

Jioni kabla ya jaribio wifi alimwendea kijana na swali lililomkaa kooni.

"Kuloweka maharage ni udanganyifu?"

"Hapana, Mama. Maji ya baridi hayana moshi."

Basi akayaloweka. Asubuhi akafunika kila sufuria kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka jiwe. Sote tulipika kwa kunong'ona kwa sababu alikuwa anasikiliza. Kijana hakwenda kwenye mashine yake siku hiyo. Alikaa kwenye kreti lake, macho kwenye kioo cha tangi, na kila spiriti iliposhuka alama moja aliiandika kwenye kiganja. Maharage yaliiva. Mboga zikaiva. Wali ulipokuwa unamalizikia kwenye mvuke, spiriti ilikuwa imebaki chini kabisa, kimo cha kidole kilicholazwa. Wifi alifunua mfuniko, akachota punje chache, akazitafuna, akafunika tena.

"Umeiva," alisema.

Kijana akaruka juu. Meneja, aliyekuwa amesimama tangu saa ile ya mboga bila kutaka kuonekana amesimama, akanyoosha mkono kumwashiria wifi azime majiko.

"Bado," wifi akasema.

Wakamtazama wote wawili.

"Ule moto wenu ni mpole mno. Wali umeiva juu mpaka chini, haukushika hata kidogo. Watu wa tanuri nitawapa nini?" Akamgeukia kijana. "Mwanangu, safari hii tupime yote. Pima na ya ukoko."

Akapandisha moto chini ya sufuria ya wali. Wavu ukawa mwekundu sana. Tukasimama pale kimya, meneja, injinia, na mimi nimeshika sahani, mpaka tukasikia ile sauti ya wali unaokauka chini, kama mvua ndogo juu ya bati. Ukoko ukanukia. Kwenye kioo cha tangi spiriti ikashuka, ikashuka, ikaisha. Na wavu taratibu ukarudi kuwa mweusi.

"Tangi zima," alisema kijana, kidole chake juu ya kioo.

"Tangi zima," alikubali meneja. "Pampu itafute mafuta yake kwingine."

Wifi akavuta pumzi ndefu mpaka mwisho, akaitoa. Hakukohoa. Kisha akachukua upawa, akabandua kipande cha kwanza cha ukoko, kikubwa kama sahani, akampa meneja.

"Onja, bosi," alimwambia. "Wewe una ulimi."

Alikula amesimama. Watu wa tanuri walipoingia wamechelewa, wakamkuta meneja anarudia, wakamwambia apange foleni.