Tundu la Chini ya Sanduku

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na wala huwa siiiti. Inakuja yenyewe, hasa goti likianza kuuma na mvua haijanyesha. Siku hiyo nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa hapa Rahaleo, kijana wa miaka ishirini na minne, bakuli la mihogo ya nazi mapajani, nikaona lori la chumvi linasimama na dereva anateremka bila kuzima injini. Dereva asiyezima injini hajaja kusalimia. Akaniambia, "Fundi, panda. Bi Somoe amerushwa na sanduku lako."

Sasa nivumilie nikueleze ni sanduku gani, maana mzee akianza hadithi mkiani, kichwa lazima akirudie.

Upande wa Mnazi Bay, ukielekea mdomo wa Ruvuma, palikuwa na majaruba ya chumvi ya mfanyabiashara mmoja wa Mikindani. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, zile siku za maji makubwa za kila mwezi, pampu ilivuta maji ikayamwaga kwenye majaruba, jua likamaliza kazi. Pampu iliendeshwa na jenereta, na swichi yake ilikaa ndani ya sanduku la bati juu ya nguzo, ukingoni mwa jaruba, hatua kama ishirini tu kutoka baharini. Sanduku hilo nililifunga mimi. Mwenye kuwasha na kuzima alikuwa Bi Somoe, mjane wa makamo, mwembamba, Kiswahili chake kina Kimakonde ndani kama mchele wenye mchanga: unatafuna tu na kuendelea. Alifungua mlango wa sanduku lile asubuhi na jioni, miguu yake imo kwenye maji ya chumvi mpaka vifundoni. Kwa hiyo kosa lolote la mkono wangu, wa kwanza kulionja ulikuwa mkono wake.

Mimi nilikuwa fundi umeme mwenye cheti. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na alama yangu ya fizikia tusiitaje, wajukuu wanasikia. Na tangu hapo ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipenda safari. Mimi nikivuka uwanja wa ndege naanza kukumbuka mto wangu wa kulalia. Ile siku ya kufunga sanduku nilikuwa na shauku moja tu, niwahi lori la kurudi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na samaki wa kupaka.

Nikaziba. Mwanangu, niliziba. Wewe umesikia methali ya asiyeziba ufa. Mimi niliiamini kuliko aliyeitunga. Sanduku lilikuja na tundu dogo chini, upana wa kidole cha mtoto. Nikalitazama, nikasema hawa waliolitengeneza wamesahau kitu. Nikalijaza silikoni. Pembezoni mwa mlango, silikoni. Waya niliuingizia juu, kwa kuwa kuinama kutoboa chini kulikuwa kazi, na pale napo nikamwaga silikoni mpaka pakawa kama keki ya arusi. Ule waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini mambo yakiharibika, niliufunga nje kwa bolti ya chuma ya kawaida, ile iliyokuwapo mfukoni. Kisha nikapiga rangi ya kijivu juu ya vyote. Lilipendeza. Nilisimama nikalitazama kama mtu anayetazama mchumba.

Samaki nilimwahi. Alikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Miezi ikapita. Tulikuwa tumekubaliana niwe nakwenda kulikagua kila mwezi. Sikwenda. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na arusi ya jirani, kulikuwa na kichwa kinauma. Sababu za mtu asiyetaka kwenda ni kama kunguni; ukimwua mmoja, wengine wako mvunguni.

Siku moja dereva wa lori akaniletea salamu. "Bi Somoe anasema sanduku linauma."

"Linauma vipi?"

"Anasema akishika mlango anasikia ganzi mpaka kwenye kiwiko."

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angevaa viatu. Mimi nilivaa elimu. Nikamweleza dereva habari za mikono mibichi na miguu mitupu, nikaongea kama mwalimu wa fizikia ambaye hakuwahi kunifaulisha. Kisha nikanunua kandambili, nikampa dereva ampelekee. Nikajisikia mwema sana. Nilirudi kukaa nikijisifu kwamba nimetatua tatizo la umeme la Mnazi Bay bila kupoteza chakula cha mchana.

Baada ya wiki mbili dereva akarudi na ujumbe mwingine. Bi Somoe anashukuru kwa kandambili, zimemtosha, ila nijulishwe kwamba sanduku sasa limejifunza kuuma hata wenye viatu. Nilicheka. Nikasema mwambie nakuja bamvua ijayo. Niliipenda ile kauli, "nakuja bamvua ijayo". Ilikuwa na sauti ya mtu anayejua bahari. Bamvua ikaja, mimi sikwenda.

Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga. Hawakusema itakuwaje ukidharau mwiba ulio kwenye mguu wa mwenzako. Tende ilimwota yeye.

Basi siku ile ya mihogo tukaenda kwa lori, dereva, mtu wa kuongea hata na mbuzi barabarani, akikaza macho kwenye vumbi njia nzima. Kilichotokea nilikisikia kule kwa watu, kipande kipande. Asubuhi hiyo Bi Somoe alishika mlango azime pampu, mkono ukanasa. Mwenzake, mama mmoja mnene mwenye busara, hakumgusa. Alikimbilia jenereta akaizima. Angemshika, tungezika wawili. Umeme ulipokatika, Bi Somoe akaanguka chali majini.

Nilimkuta amekaa kwenye kigogo mbele ya banda la kuhifadhia chumvi. Zahanati walikwishamfunga bandeji, mkono wa kulia mzima, mweupe kama bonge la chumvi. Walimwambia aende kulala. Alikataa kwenda nyumbani mpaka anione nikilifungua lile sanduku.

Nikamwamkia shikamoo. Akainua mkono wa kushoto akanipa.

"Marahaba, baba. Samahani kwa kushoto."

Nimepigwa viboko shuleni, nimetukanwa na marehemu baba yangu mbele ya wakwe. Hakuna kilichoniingia kama ile samahani. Ameumizwa na kazi yangu, na mwenye kuomba radhi ni yeye, kwa kukosa adabu ya kunipa mkono niliouharibu mimi.

Jenereta ilikuwa imezimwa. Nikakata silikoni, nikavuta mlango. Maji yakanimwagikia tumboni, mwanangu, maji ya moto kidogo, yananuka kama sarafu za zamani. Kikombe kizima. Ndani kila kitu cha shaba kilikuwa kimeota ukijani kama ukuta wa kisima. Njia ya umeme ilikuwa imehamia kwenye bati, kupitia lile tope la chumvi lililojaa chini. Nikageukia bolti ya waya wa ethi, ambayo ndiyo ingetuokoa. Kwa nje rangi yangu ya kijivu iling'aa. Nilipoigusa kwa bisibisi ikamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Chini ya rangi palikuwa na kutu tupu. Bolti ilikuwa imekufa kitambo, imezikwa kwa heshima.

Watu walikuwa wamesimama wananitazama. Nikakohoa. Nikasema hii bahari bwana, chumvi ya huku ni kali, hata kifaa cha Ulaya hakidumu.

Bi Somoe akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Njoo huku," akasema.

Akanipeleka ndani ya banda. Magunia yalipangwa juu ya uchanja wa miti, umeinuliwa mpaka magotini. Chini ya uchanja palichimbwa mfereji mwembamba, na kutoka kwenye matumbo ya magunia yalikuwa yanadondoka matone, moja, kisha jingine, polepole, yakifuata mfereji mpaka nje. Na mvua haikuwa imenyesha.

"Haya maji yametoka wapi?" akaniuliza.

Nikasema paa linavuja. Akamtazama mwenzake, wote wawili wakaniangalia kama mtoto aliyesema mwezi ni wa baba yake.

"Chumvi inakunywa hewa, baba. Usiku inakunywa, mchana inatoa jasho. Mimi nimekaa nayo tangu sijaolewa. Huwezi kuikataza isinywe. Ukilifunga gunia kwenye nailoni lote, ukidhani umeilinda, baada ya mwezi unakuta uji. Kwa hiyo tunaifunika juu, na chini tunaiachia ikojoe. Kitu chochote cha huku lazima kikojoe. Wewe sanduku lako umelinyima."

Walicheka wale kina mama, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilidhani kwa kucheka tumekwisha malizana. Nikaanza kusema Bi Somoe nisamehe, sikujua kazi ya lile tundu.

Akauegemeza ule mkono mweupe kifuani.

"Kwa tundu sina kinyongo na wewe. Hukujua, na asiyejua hufundishwa. Lakini mimi nilikuambia linauma. Mara mbili. Ukaniletea kandambili."

Dereva akatoka nje. Mimi nilibaki pale nikitazama yale matone, nikitamani mfereji ule unibebe na mimi.

Nililala huko siku tatu, mimi ambaye sikuwa nikilala ugenini hata msibani. Nililifunga sanduku upya. Nikalifungua tundu la chini, nikaliwekea kipande cha wavu wa shaba wadudu wasijenge. Waya nikauingizia chini, na kabla ya kuingia nikauacha ulegee, ushuke chini ya sanduku kisha upande, ili tone linalotambaa juu yake lianguke hapo kwenye kitumbo cha waya na lisiingie. Juu nikaweka kijipaa. Bolti nikaweka za chuma kisichoshika kutu, nikakwangua rangi pale waya wa ethi unapogusana na bati, nikapaka grisi. Na kila bamvua nikapanda lori. Miaka saba, mpaka majaruba yalipofungwa.

Vidole viwili vya Bi Somoe havikunyooka tena. Chumvi alikwangua kwa kushoto, ugali alisonga kwa kushoto, na kila nilipoteremka kwenye lori alinipa mkono huo huo na maneno yale yale, "Samahani kwa kushoto, baba." Sijui kama alikuwa ananitania. Mwaka wa kwanza nilidhani ananisuta. Mwaka wa saba nikadhani amezoea tu. Alipofariki, kwa maradhi mengine ya uzeeni, nilikuwa miongoni mwa walioshika jeneza, nikaona aibu kwamba mimi nilikuwa nalishika kwa mikono yote miwili.

Leo mnakuja hapa barazani, vijana wa solar, vijana wa kamera za getini, vijana wa viyoyozi vya nyumba za wageni kule ufukweni. Mnanionyesha picha kwenye simu. "Baba, hebu tazama hili boksi, lina tatizo gani?" Nami kwa vile nimechoka, na kiti hiki kimeshika umbo langu, natamani niseme kitu kwa picha tu, mwende zenu. Picha haitoi jasho, mwanangu. Picha haina harufu ya sarafu. Na mnapoondoka nawasikia mlangoni mnapigiana simu na mwenye nyumba: mwambie avae viatu, mwambie asiguse kukinyesha. Ninafumba macho. Nimechoka kusikia sauti yangu ya ujana ikitoka kwenye vinywa vya watu wengine.

Basi sikiliza ninachokuusia, ni kidogo. Karibu na bahari, usijidanganye kwamba utaizuia hewa. Itaingia. Mchana bati litapata moto, usiku litapoa, litavuta pumzi kama wewe, na pumzi ya huku ina chumvi. Funika juu, ingiza waya chini, acha tundu la kutokea maji, na kila ukipita ulisafishe kwa kijiti, maana mavumbi nayo huziba. Usipake rangi ili usione. Bolti ya waya wa ethi ishike kwa mkono wako, uitikise, usiiamini kwa macho. Kabla ya kushika, zima. Na ukikuta mtu amenaswa, kimbilia swichi, usimkimbilie yeye, hata akiwa mama yako.

Hayo utayapata hata vitabuni. Ambalo halimo ni hili: yule anayeshika mlango wa sanduku kila siku, awe hajui kusoma, awe hajui waya upi mwekundu, akikuambia linauma, amekwisha kupima. Kipimo chake ni mwili wake. Usimtumie jibu. Nenda. Acha samaki apoe, nenda. Mimi mpenda nyumbani kuliko wote hapa mtaani ndiye ninayekwambia, na unajua imenigharimu nini kulisema.

Haya, inuka, lori la Msimbati linaondoka saa nane, ukalione mwenyewe hilo boksi ulilonionyesha kwenye simu. Mungu akujalie mikono salama, na usalama wa kila mkono utakaogusa kazi yako ukiwa haupo. Akupe sikio jepesi na miguu isiyopenda baraza. Na siku utakapozeeka, watu wakupe mkono wao wa kulia, bila samahani.