Risasi ya Tatu Ilikolala

Tukio lote liligharimu risasi tatu, fisi mmoja, mtungi wa maji na makazi ya mwanamke mmoja. Orodha hiyo nimeihesabu mara mbili, na bado naona kuna kitu nimekiacha.

Kazi ya uaskari wa wanyamapori niliianzia Kishapu. Siku ya kwanza Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Nyama, alinikabidhi raifo ya 458 na kunionyesha gunia la mchanga lililoning'inizwa kwenye mgunga.

"Piga."

Nikapiga. Bega likasukumwa nyuma, nusura nikae chini. Gunia likatikisika kidogo, likatulia.

"Umeona nini?"

"Nimekosa, mzee."

"Hujakosa, tundu lile pale. Wewe umeanguka?"

"Hapana, mzee."

"Sasa gunia lianguke kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuijua kazi. Msukumo ni uzito wa kitu mara mwendo wake, na ule ambao bunduki inaipa risasi kwenda mbele, bega lako linarudishiwa nyuma. Risasi yetu ilikuwa na gramu thelathini na mbili, ikienda mita mia sita na arobaini kwa sekunde. Ugawe msukumo huo kwa fisi wa kilo sitini: hata risasi ikibaki mwilini mwake, anasogea sentimita thelathini na nne kwa sekunde. Kuku anayedonoa mtama ana haraka kuliko huyo. Mnyama haangushwi na kishindo. Anauawa na tundu, na tundu linataka muda. Tena risasi ya ncha ngumu, tuliyopewa kwa ajili ya nyati na kiboko, humpita fisi kama sindano kwenye khanga na kuondoka na sehemu kubwa ya msukumo wake.

Msukumo huo unaoondoka ndio ulikuwa unamnyima Bwana Nyama usingizi. Kila nilipoinua bunduki aliuliza, "Italala wapi?"

"Kwenye kichuguu kile, mzee."

"Na ukikosa kichuguu?"

Kama sikuona kingine cha kuizuia, nilishusha bunduki. Jioni alihesabu mara tatu maganda ya risasi yaliyorudi. Mimi nilizoea mara mbili, nikajiona mvivu.

Kutoka Kishapu nilihamishiwa Geita, upande wa ziwa, kuwafukuza viboko mashambani. Mkuu wangu wa huko, Mhifadhi wa Kanda, hakuruhusu mtu apige risasi ya kulalia maji, kwa sababu inaruka kama kigae alichokirusha mtoto, na ng'ambo kuna watu wanafua. Nililishika hilo. Lilikuja kunisumbua nchi kavu.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Msalala. Kijiji kimoja mbele ya Bugarama kilileta malalamiko: fisi amekula kondoo tisa. Nikatumwa peke yangu na risasi kumi. Huku kwetu fisi akizidi hivyo, watu hawaishii kuuliza yuko wapi. Wanauliza ni wa nani, mchawi gani anayemfuga. Nilipofika, walikuwa wameshaanza kuuliza, na macho yao yalikuwa yanaelekea mji mmoja, yaani boma, wenye uzio wa minyaa, alikoishi Bibi Kabula, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Mnajua macho ya namna hiyo yamewafikisha wapi akina bibi wa mikoa yetu. Mimi nilijua pia. Nikajiambia nimekuja kwa ajili ya fisi tu.

Nilikaa wiki nzima nikimvizia, na kwa kuwa posho haikutosha, nilipatana na wenyeji: chumba na kuku wawili, kwa mtu asiyekosa shabaha. Walitaka kutoa kuku mmoja. Nikawaambia mtu anayekosa ndiye wa kuku mmoja.

Siku ya saba, jua limeshatoka, fisi alitokea korongoni, hatua sitini. Nyuma yangu walikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na watu wake, kama ishirini. Nikapiga. Fisi hakuyumba, aligeuza shingo tu kama aliyeitwa. Nikapiga ya pili. Akaanza kukimbia.

"Haingii!" mtu akasema nyuma yangu. "Haimwingii!"

Nilikuwa nayajua yote kuhusu gunia la mchanga, lakini sauti ile ilinishuka mgongoni kama maji baridi. Fisi alikuwa anapanda lundo la magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi. Nikapiga ya tatu bila kujiuliza italala wapi. Nikasikia mluzi. Risasi ikiligonga jiwe kwa ubavu haisimami. Inapinda njia, inabingirika hewani na kupiga mluzi. Mluzi ulielekea kwenye minyaa.

Fisi akatokomea. Nikaokota maganda matatu, nikayahesabu, nikayahesabu tena. Kuhusu mluzi sikusema neno.

Hazikupita dakika nyingi, Bibi Kabula akaja mwenyewe. Alitembea polepole, ameshika pindo la khanga kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwangaluka, baba askari."

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia salamu yake ya Kisukuma, kama kwa mama.

"Kitu chako kimeingia kwangu. Kimevunja mtungi. Nimekuletea, usije ukadaiwa kazini."

Akafungua pindo. Risasi yangu, imepinda, bado ina maji ya mtungi.

Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kaidaka." Mwingine akalipokea neno hilo. "Kamdakia fisi wake." Mapanga yalikuwa viunoni, nikaona mikono inasogea huko, bila haraka, na kutokuwa na haraka kule ndiko kulikonitisha. Bibi alikuwa bado amenyoosha kiganja, akingoja nichukue mali yangu.

"Imegonga jiwe," nikasema.

"Jiwe gani?" akauliza kamanda. "Si ulituambia wewe hukosi? Tukakupa na kuku."

Nilikuwa na maelezo mengi: uzito, mwendo, ubavu wa jiwe. Hakuna ambaye angeyasikiliza. Neno moja tu lingefaa, na lilikuwa limekwama kooni na kuku wangu wawili.

"Nilikosa," nikasema. "Niliogopa, nikakosa."

"Sema tena."

"Nilikosa! Mbili zimempata. Twendeni tukamtafute, tuhesabu matundu."

Zile hatua mia mbili nyuma ya lundo zilikuwa ndefu kuliko safari zote za kazi yangu. Kama fisi angekuwa ametambaa hadi pangoni, tusingemwona, na bibi asingeiona jioni. Bibi walimtembeza katikati yetu.

Tukamkuta amelala kwenye nyasi, amekufa. Kamanda akamgeuza, akahesabu kwa fimbo.

"Matundu manne. Ulipiga tatu."

"Risasi moja ina kuingia na kutoka, kamanda. Manne ni mbili."

Akahesabu upya, akigusa kila tundu. "Manne," akasema. "Basi kweli ulikosa." Akacheka, na wote wakacheka, mikono ikarudi mahali pake. Siku ile ile kuku mmoja alidaiwa, nikamrudisha. Mtungi nilinunua mwingine.

Bibi Kabula hakucheka. Wiki haikuisha, alihamia kwa binti yake Buseresere.

Nimestaafu sasa. Raifo niliirudisha ghalani, maganda yakahesabiwa, hakuna lililopungua. Mwezi uliopita yule binti alinipigia simu. Mama yake amezeeka sana, anataka kurudi kwake, azikwe kando ya mumewe. Watoto wanaogopa. Bibi mwenyewe amesema, "Muulizeni askari. Yeye anajua kuhesabu."

Nikaenda kijijini kuangalia. Kamanda alishafariki. Nikakaa dukani, nikauliza kama bila nia kuhusu mji ule wa minyaa. Muuza duka, ambaye siku ile hata hakuwa amezaliwa, akanijibu bila kuinua macho, "Pale? Pale alikaa yule bibi aliyedaka risasi."

Nikamwambia haikudakwa, aliyepiga alikosa. Akatabasamu. "Mzee, hao askari huwa hawakosi."

Ninyi mlio kazini sasa, mnaoishi na watu wale, nishaurini. Nimwambie arudi, nikasimame naye pale uwanjani niseme nilikosa kwa mara nyingine? Au nimwambie abaki Buseresere, afie ugenini kwa risasi yangu? Binti yake atapiga simu Jumapili.