Kumi Nukta Nane ya Asekenye

"Wewe Asekenye, hiyo fizikia ni masomo au ni ugonjwa?"

Jirani yao, mama Aguti, alimuuliza hivyo siku moja, akimwona anazunguka uani na daftari, haketi, hali. Asekenye alicheka tu. Tangu aingie kidato cha tano pale mjini Kumi hakuwa ametulia. Walianza wasichana wawili, mwenzake akahamia historia, naye akabaki na wavulana kumi na saba.

Mwalimu Ekwaru alikwisha kusema: katika majaribio matatu ya maabara, atakayekuwa chini ya nusu ya alama zote kwa jumla, jina lake linakwenda kwa mkuu wa shule, anahamishwa. La kwanza Asekenye alianguka. La pili alivuka kwa taabu. Likabaki moja.

La mwisho lilikuwa hili: unafunga kipande cha madini ya risasi kwenye uzi, unaiachia ibembee, unahesabu mibembeo ishirini huku saa inakwenda. Kwa hesabu hizo unapata jinsi dunia inavyovuta vitu: tisa nukta nane. Asekenye alipata kumi nukta nane. Akarudia. Kumi nukta nane.

Okiria, aliyekaa naye meza moja na aliyezoea kumwita Mchungaji kwa kuwa baba yake ni msomaji wa kanisa, akachungulia.

"Mchungaji, dunia yako imekula nini leo?"

"Nimehesabu vizuri mimi."

"Basi zipike namba. Anza na tisa nukta nane, urudi nyuma mpaka kwenye saa. Humu wote tunapika."

"Huo si uongo?"

"Chumvi tu, dada. Au unaitaka historia?"

Zilibaki dakika sita. Akachukua kifutio. Sekunde ishirini na saba zikawa ishirini na nane nukta nne, na nyingine zote akazirekebisha zifuatane.

Ijumaa Ekwaru alirudisha madaftari. Kumi na nane juu ya ishirini. Akaliinua la Asekenye darasa zima lione. "Mtazameni dada yenu anavyofanya kazi safi." Okiria akakohoa. Asekenye akainamisha kichwa, na tangu saa ile moyo haukukaa mahali pake. Jumapili kanisani, baba yake, ambaye ndiye msomaji, alimpa zaburi aisome. Akaruka mistari miwili, watu wakageuka kutazamana.

Alipofika nyumbani hakugusa atap, ule ugali wa wimbi, wala mboga. Alifunga jiwe kwa uzi wa katani, akalining'iniza kwenye boriti ya jiko, akaliachia. "Moja, mbili, tatu..." Mama yake alikuwa pembeni akimenya karanga.

"Unahesabu nini?"

"Jiwe linavyokwenda na kurudi, mama."

"Mbona umesema moja na jiwe halijaenda popote?"

Asekenye alilishika jiwe, akasimama nalo. Akaliachia tena, safari hii kimya, akasema moja liliporudi. Basi ishirini zake zote zilikuwa kumi na tisa. Saa haikukosea, wala uzi. Angeziacha namba zake kama zilivyokuwa, mwalimu angeliona kosa kwa kutazama mara moja, akamwonyesha. Yeye kalifukia kwa mkono wake, kisha akasifiwa.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?" mama akauliza.

"Nimepata."

"Basi kaa ule."

Hakuweza. Kwa Ekwaru aliyepika hupewa sifuri, na kwa sifuri angekuwa chini ya nusu. Alisali, akanyanyuka, akasali tena, kama mtu aliyesahau neno moja la katikati.

Jumatatu alifika kabla ya kengele. Ekwaru alikuwa mlangoni mwa maabara, orodha ya mkuu wa shule mkononi, peni imekwisha kufunguliwa.

"Mapema hivi, Asekenye? Usihofu, jina lako halimo."

Asekenye alimnyooshea daftari kwa mikono miwili.

"Mwalimu, zile namba nilizipika. Naomba unifutie ile kumi na nane kabla hujapeleka orodha, na kama inawezekana, uniruhusu nirudie jaribio leo."