Mtoto Aliyengoja Aitikiwe

Skuli ya kwanza ilinijibu kwa adabu zote: binti yangu ni mtoto mzuri, lakini huenda ana tatizo la kusema, na ingefaa nimpeleke kwa mtaalamu kwanza. Tatizo la kusema! Mtoto ambaye kijiji chetu kizima cha Wingwi wanamwita redio! Nilicheka kwa hasira, kisha nikalia, maana mume wangu alikuwa ameshaanza kazi Doha, nyumba ameshapata, na kilichobaki ili tumfuate ni skuli tu. Bila nafasi, mwaka mzima wa masomo ungempita mwanangu, naye ana miaka saba.

Kwa miezi miwili nilikuwa nikichambua skuli za binafsi za huko kwenye simu kama mtu anayechambua mchele. Zote zinafundisha kwa Kiarabu na Kiingereza, zote zina picha za watoto wanaocheka. Zikabaki mbili. Moja kubwa, ina bwawa la kuogelea. Ya pili ndogo, picha zake zimepigwa vibaya, na simu anapokea mwalimu mkuu mwenyewe. Roho yangu ilikuwa kwenye bwawa. Sijui kwa nini, hata kuogelea kwenyewe sijui.

Intavyuu ya skuli kubwa ilikuwa ya video, chumbani kwa mama yangu, dirishani, ndipo mtandao unaposhika. Nikamvisha mtoto gauni la Idi na mtandio mweupe. Mwalimu akatokea kwenye simu, mwanamke wa makamo, mchangamfu. Binti yangu akasema, "Shikamoo, mwalimu," akanyoosha mkono aupokee wa mwenzake aubusu, halafu akakumbuka ni simu, akaurudisha. Mwalimu akatabasamu, akamuuliza jina kwa Kiingereza. Kimya. Rangi anayoipenda? Kimya. Mimi pembeni namkonyeza, namtolea macho, namfinya. Mtoto kainamisha kichwa tu, mpaka mwalimu akaaga.

Jibu lao lilipofika nikampandishia mtoto sauti. "Kiingereza unakijua, kwa nini hukusema?"

"Hajaniitikia, mama."

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anatoa kunde kwenye maganda. Ndiye aliyemfunza, kama alivyonifunza mimi: ukimwamkia mkubwa, ngoja marahaba, usijitie kusema kabla hujaitikiwa.

"Mie sioni kosa la mtoto," akasema. "Kaamkia. Hakuitikiwa. Angefanyaje?"

"Mama, kule hawajui shikamoo!"

"Si uwaambie."

Sikumsikiliza. Niliomba nafasi ya pili, wakanipa. Wiki nzima nikamfunza mtoto: hakuna shikamoo, hakuna kuinamisha kichwa, mtazame usoni, sema "gud moning", endelea. Akashika haraka. Siku ilipofika akajibu yote, akaimba na wimbo juu yake. Kesho yake nafasi ikatoka. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Mchana ule ule akaja mzee anayetuuzia samaki, na baiskeli yake kutoka Tumbe, kapu limefunikwa gunia. Huyu ananijua tangu nabebwa mgongoni. Binti yangu alisimama karibu naye kabisa, hakusema kitu. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, huyu naye ni wa kuamkiwa?"

Mzee akajifanya hakusikia, akashughulika na gunia lake. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Wiki moja tu, na mtoto keshajua kwamba kuna watu wa kuamkiwa na wasio wa kuamkiwa, na aliyemfunza ni mimi, mama yake mzazi.

"Mwamkie, mwanangu," nikasema. "Waamkie wote."

Akamwamkia, mzee akaitikia na kumpa mkono, nami nikaingia ndani nikajifanya natafuta sahani.

Jioni niliziandikia skuli zote mbili ujumbe mmoja. Binti yangu atakuamkieni kwa neno hili, nikaliandika. Mwitikieni kwa neno hili, nikaliandika na hilo. Mkishamwitikia, atasema mpaka mchoke. Skuli kubwa ikajibu kwamba ujumbe umepokewa, na nijaze fomu ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Mwalimu mkuu wa skuli ndogo hakuandika. Alituma sauti, sauti ya bibi mtu mzima. "Maharaba," akasema, akasita. "La, la. Marabaha." Tukasikia akivuta pumzi. "Ma-ra-ha-ba." Kisha akamuuliza binti yangu, kwa Kiingereza cha polepole, kama amepatia, na kama hakupatia basi amfundishe watakapoonana.

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaninyang'anya simu, akaiweka mdomoni, akamwaga: jina lake, umri wake, mbuzi wetu wawili na yupi ana tabia mbaya, baba yake yuko wapi na atamletea nini. Nilimwacha aseme. Bwawa la kuogelea likanitoka rohoni hapo hapo, na mwenyewe nilishangaa lilivyotoka kwa wepesi.

Mama yangu alikuwa anasikiliza. Tangu ije habari ya safari hakuwahi kusema nenda wala usiende, na mimi nilikuwa naogopa kumuuliza, maana huyu mjukuu analala naye kitanda kimoja tangu aache kunyonya.

"Hebu rudisha," akasema, "nimsikie tena huyo mwalimu."

Nikarudisha. Akataka tena, nikarudisha tena. Mara ya tatu alishika ncha ya kanga akajifuta macho, wala hakujificha.

"Mpeleke," akasema. "Huyo atanitunzia."