Aliyeitwa Mwizi wa Majibu

Jumatatu nilipokuwa Chekereni kununua mchele, mdogo wa rafiki yangu alinipigia simu: dada yake amefariki, mazishi ni Alhamisi, Masama. Wengi mjini Moshi walimjua marehemu kama mwalimu wa hesabu. Mimi nilimjua tangu tulipokaa dawati moja, kwa hiyo msitegemee nimlilie kwa upole. Bado nina hasira kwa niaba yake.

Tulikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni: tano na robo, toa mbili na robo tatu. Alitaka tugeuze namba zote mbili ziwe sehemu guni, yaani robo tupu, tutoe, kisha turudishe jibu kuwa namba mchanganyiko. Rafiki yangu alinyoosha kidole kabla wengine hatujashika kalamu. "Mbili na nusu," akasema. Mwalimu akauliza njia iko wapi. Akajibu kwamba kutoka mbili na robo tatu ukiongeza robo unafika tatu, na kutoka tatu mpaka tano na robo ni mbili na robo. Jumlisha ile robo na hiyo mbili na robo. Ndivyo mama yake alivyopima maziwa. "Njia hiyo haipo," mwalimu akasema. "Jibu umeiba." Kesho yake akamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima na kutufundisha kumwita Mwizi wa Majibu. Jina lile lilimfuata mpaka sokoni. Mwisho wa mwaka mwalimu akamrudisha darasa, ingawa alikuwa amefaulu. Sisi tukaenda la sita, yeye akabaki na wadogo zetu. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Enzi za ruksa zilipokuja na serikali ikalegeza masharti, kila kitu kikawa biashara, na elimu nayo. Walimu walifundisha kwa uchovu asubuhi, wakapata nguvu jioni kwenye twisheni. Yule mwalimu wetu alikuwa amestaafu na kupanga chumba cha twisheni mjini, akawa na wanafunzi wengi. Rafiki yangu, naye sasa mwalimu, alipanga chumba mlango wa pili kutoka kwake, akafundisha bure. Nilimuuliza kwa nini pale hasa, na Moshi yote hii ipo. "Nataka asikie watoto wakicheka," akanijibu. Haukupita muda, madawati ya mzee yakabaki matupu.

Siku moja jioni, nikiwa nimempitia twende nyumbani pamoja, mzee akabisha hodi. "Shikamoo, Mwalimu," rafiki yangu akasema, akasimama kwa heshima zote. "Marahaba, mama. Nimekuja tusaidiane. Nipe hata kipindi kimoja." Rafiki yangu akaandika hesabu ileile, akampa chaki, akamwomba aifanye bila sehemu guni. Mzee alisimama ubaoni akitokwa jasho mbele ya watoto. Alihesabu kwa vidole, akaanza, akafuta, akaanza tena. Mwishowe akaandika mbili na nusu. "Sawa kabisa," rafiki yangu akasema. "Umemwibia nani?" Watoto walicheka bila kujua wanachokicheka. Mzee aliweka chaki mezani taratibu, akatoka. Hakurudi, na chumba chake akakifunga.

Najua msomaji anasubiri niseme kwamba rafiki yangu alijuta. Nilimuuliza mwezi uliopita, akiwa kitandani. "Sijuti," akasema. "Angesema neno moja tu, kwamba alinikosea, ningemwachia darasa lote. Alikuja kuomba kazi."

Siku zote tunawahimiza walioumizwa wasamehe, kanisani na kwenye vikao vya ukoo, huku walioumiza tukiwaacha wakae viti vya mbele. Alhamisi mazishini yule mzee alikuwepo, na alipewa kiti cha mbele. Sikumsalimia. Nawaambia wote wenye mamlaka juu ya wadogo: ukikosea, omba radhi mapema, wakati uliyemkosea bado hana la kukufanya. Ukingoja mpaka apate nguvu, hata ukipiga magoti ataona unaogopa tu.